MGB Inayolala Kwenye Kona: Mwongozo wa Kuboresha Springi na Shokapu

Malalamiko ya wenye MGB hufanana. Gari linalala kwenye kona, nyuma kunarukaruka barabara ikiwa na mashimo, na usukani unatanga kwenye mwendo wa kasi. Jibu wanalopewa nalo hufanana: ng'oa shokapu za zamani ufunge za kisasa, weka springi ngumu, shusha gari. Uingereza, ambako magari haya bado ni mengi, katalogi za vipuri zimejaa vifaa vya kazi hiyo, tena vimefungashwa seti nzima nzima. Ushauri huo unauza vifaa vizuri sana. Kwa gari lenyewe, mara nyingi unaanzia mwisho.

MGB ilizinduliwa Septemba 1962 na ikaendelea kutoka kiwanda cha Abingdon, karibu na Oxford, hadi 1980. Zaidi ya nusu milioni zilitengenezwa, ukihesabu na ndugu zake wa GT, MGC na V8. Sehemu kubwa ya muundo wa mbele haikuwa mpya hata siku hiyo ya kwanza: ilitokana na MGA, ambayo nayo ilirithi kazi iliyoanzwa na Alec Issigonis kabla hajabuni Mini. Nyuma kuna ekseli nzima isiyopinda, imelala juu ya springi za bamba. Syd Enever, mhandisi aliyeongoza kazi ya MGB, alijaribu koili nyuma kwenye magari ya mwanzo ya majaribio, kisha akarudi kwenye bamba.

Kwa karatasi, huo ni muundo wa kizamani. Ila mwaka 1964 ndugu wawili, Donald na Erle Morley, walishinda daraja la magari ya GT katika mbio za Monte Carlo wakiwa na MGB. Mwaka uliofuata Paddy Hopkirk na Andrew Hedges walimaliza wa 11 Le Mans. Mwaka 1966 Hedges, safari hii na Julien Vernaeve, alishinda Marathon de la Route, mbio za saa 84 mfululizo katika uwanja wa Nürburgring. Magari hayo yaliandaliwa kwa ustadi, lakini msingi wake ulikuwa ule ule: koili na kingpini mbele, ekseli na bamba nyuma. Kwa hiyo mtu anayeambiwa kwamba MGB yake inayumba kwa sababu "iliundwa hivyo" ana haki ya kuuliza maswali machache kabla ya kutoa pesa.

Swali la kwanza ni la matairi, na watu wengi hulipita. Pembeni mwa tairi kuna tarakimu nne ndani ya kiduara: 2319 maana yake tairi lilitoka wiki ya 23 ya mwaka 2019. Magari ya kale hutembea kilomita chache kwa mwaka, kwa hiyo meno ya tairi hubaki marefu huku mpira ukikauka na kuwa mgumu. Tairi la namna hiyo linateleza na kupiga kelele, na mwenye gari akasema shokapu zimekufa. Upepo nao una mambo yake. Kitabu cha gari cha MGB ya wazi yenye matairi ya radiali kinataja pauni 21 mbele na 24 nyuma. Ukijaza 32 pande zote kwa sababu ndivyo yalivyo magari ya siku hizi, gari litagonga kila kokoto.

Matairi yakiwa sawa, ingia uvunguni.

Mbele ya MGB kuna jambo moja la kuelewa kabla ya kushika spana. Gurudumu linashikwa na mikono miwili. Wa chini umetengenezwa kwa vipande viwili vya chuma na sahani inayobeba koili. Mkono wa juu ni shokapu yenyewe: boksi la chuma lenye mafuta na pistoni ndani, limefungwa kwa bolti nne juu ya boriti ya mbele, na mkono unaotoka ndani yake ndio unaoshika sehemu ya juu ya kingpini, chuma cha wima ambacho gurudumu hugeukia. Mtindo huu wa shokapu za mkono, zilizotengenezwa na Armstrong, ndio chanzo cha sifa na lawama za gari hili. Beringi za ndani ya shokapu zikilegea, gurudumu linabadilisha mwinamo wake hata kama mafuta yamejaa na upinzani upo.

Kupima kingpini kunahitaji watu wawili. Piga jeki upande mmoja, weka stendi, kisha shika gurudumu juu na chini ulitikise, mkono wako mmoja ukisukuma na mwingine ukivuta. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki na ashikilie. Mchezo ukiisha, tatizo ni beringi za gurudumu. Ukibaki, ni kingpini au trunioni, kiungo kinachoishika, na wakati huo mtu mwenye tochi akichungulia nyuma ya gurudumu ataona kabisa ni kiungo gani kinachosogea. Mara nyingi ni bolti ya chini, ile inayopita kwenye kingpini na kushika mikono ya chini. Hapo kuna bushi ya chuma, washa za pembeni na sili ndogo za mpira, na vyote hufa kwa njaa ya grisi.

Njaa hiyo ni ya kawaida mno. Kila upande una nipo tatu za grisi, na kiwanda kilitaka zipigwe kila baada ya maili 3,000, yaani karibu kilomita 4,800. Wengi hupiga grisi gari likiwa limesimama chini, na grisi haiingii panapohitajika kwa sababu uzito wa gari umeyabana yale maeneo yanayosuguana. Inua gurudumu lining'inie, kisha piga hadi uone grisi ya zamani, nyeusi na yenye chembechembe, ikitoka na kufuatiwa na mpya. Nipo isiyopitisha ing'oe uisafishe au uweke nyingine. Bei yake ni ndogo mno kulinganisha na kingpini.

Kubadilisha kingpini ni kazi ya fundi mwenye vifaa. Bushi mpya zikishapigwa ndani lazima zichongwe kwa kipimo sahihi, zote mbili kwa mstari mmoja. Anayezisindikiza kwa nyundo na kuzipitisha sandpepa atakurudishia usukani mzito usiotaka kurudi katikati baada ya kona.

Shokapu zenyewe zipimwe zikiwa zimeachanishwa na gurudumu. Za nyuma ni rahisi: fungua kiungo kinachoshuka kwenye ekseli, shika mkono wa shokapu, uupandishe na kuushusha mwendo wote. Upinzani unatakiwa uwe mzito na wa mfululizo, juu na chini. Ukikuta sehemu katikati ambapo mkono unaanguka wenyewe, kisha unashika tena, kuna hewa ndani au valvu imechoka. Jaza mafuta, pampu mkono taratibu hadi mwisho wa mwendo wake mara kadhaa hewa itoke, pima tena. Kama sehemu ile tupu imerudi, shokapu inataka kufunguliwa. Na kama kuna unyevu wa mafuta kwenye shimo la shafti, sili imekwisha, na kuijaza kila mwezi ni kujisumbua.

Kuna wanaotia mafuta mazito zaidi, kama yale ya shokapu za mbele za pikipiki, ili kuikaza. Inasaidia kidogo. Lakini mafuta mazito huongeza upinzani kila mahali kwa pamoja, na valvu iliyochakaa inabaki imechakaa. Njia bora ni kumpelekea mtaalamu aikarabati kwa beringi na sili mpya na, ukitaka, valvu ngumu kuliko ya kiwandani. Jihadhari na zile za kubadilishana zinazong'aa kwa rangi nyeusi mpya. Rangi haisemi chochote kuhusu beringi. Shika mkono uutikise kushoto na kulia kabla ya kuifunga.

Sasa bushi. Hapa ndipo pesa kidogo huleta tofauti kubwa kuliko mahali pengine popote kwenye gari hili. Mikono ya chini ya MGB ya kawaida inabanwa na vipande vidogo vya mpira ambavyo huoza haraka, hasa mafuta ya injini yakivivujia. Mwaka 1973 kiwanda kilipotoa MGB GT V8, ambayo ilikomea 2,591 hadi 1976, mbele iliwekewa bushi za kipande kimoja, mpira umegandishwa kwenye bomba la chuma. Zinaingia kwenye MGB zote za koili. Ni ngumu kiasi cha kulifanya gurudumu likae mahali pake, lakini bado ni mpira, hazisambazi kila mtetemo kwenye sakafu. Kwa gari la barabarani, mwandishi wa mwongozo huu angesimama hapo.

Poliurethani ndiyo inayosifiwa zaidi. Ni ngumu, haiozi kwa mafuta, na kwa gari la mashindano ina maana. Barabarani hulia kama kitanda cha zamani ikikosa grisi yake maalumu, na kwenye macho ya springi za nyuma ina kasoro zaidi ya kelele: ekseli inahitaji kujipinda kidogo gurudumu moja linapopanda jiwe, na bushi isiyokubali kupinda inapeleka nguvu hiyo kwenye bamba na kwenye bodi.

Ukifunga bushi za V8, usikaze bolti gari likiwa juu ya stendi. Mpira umegandishwa kwenye chuma, kwa hiyo hapo unapokaza ndipo panapokuwa nyumbani kwake. Ukikaza gurudumu likiwa limening'inia, gari likishushwa mpira utakuwa umekwisha kusokotwa, na utapasuka mapema. Funga kwa mkono, shusha gari likae chini kwa uzito wake, lisukume mbele na nyuma, ndipo ukaze.

Kazi hiyo ya mbele ina hatari moja. Kwa kuwa shokapu ndiyo mkono wa juu, anayefungua bolti ya juu ya kingpini bila kushika sahani ya chini amefungulia koili iliyobanwa kwa nguvu ya kuvunja mguu. Bodi iwe kwenye stendi imara, injini ikiwemo ndani kwa sababu uzito wake ndio unaozuia gari lisinyanyuke. Weka jeki chini ya sahani ya koili, pitisha mnyororo katikati ya koili na mkono wa chini, kisha fungua bolti ya juu na ushushe jeki polepole hadi koili ilegee kabisa. Usikae mbele yake. Ukiwa hapo, angalia pia tredi za zile bolti nne za shokapu kwenye boriti: nyingi zimekufa kutokana na kukazwa kupita kiasi, na ni heri uzitengeneze sasa kwa kuweka tredi mpya za chuma kuliko kuzigundua barabarani.

Gari likishakuwa zima, liendeshwe wiki kadhaa kabla ya kuongeza chochote. Wengi hugundua hapo kwamba hawahitaji kitu kingine.

Wenye haki ya kuhitaji zaidi ni wa bampa za mpira. Mwishoni mwa 1974, ili kutimiza sheria za Marekani kuhusu urefu wa bampa na taa, kiwanda kiliinua MGB kwa takriban inchi moja na nusu. Wakati huo huo kikaondoa stabilaiza ya mbele kwenye gari la wazi. Gari lililoinuliwa, kisha likanyang'anywa kitu kinachozuia lisilale: magari ya kipindi hicho yanalala kweli, hata yakiwa mapya. Mwaka 1976 kiwanda kilirudisha stabilaiza ya mbele na kuongeza ya nyuma, jambo ambalo ni kama kukiri. Kwa mwenye gari la miaka hiyo miwili ya katikati, hatua ya kwanza ni kufunga stabilaiza ya mbele. Yenye unene wa robo tatu ya inchi inatosha kwa barabara. Zile za saba ya nane ya inchi, karibu milimita 22, hulifanya gari liwe bapa kwenye kona lakini mbele kunaanza kusukuma nje, na kwenye barabara mbovu kila gurudumu linaliburuta jingine.

Kulishusha kunahitaji busara zaidi. Mbele, koili fupi hupunguza takriban inchi moja bila fujo. Anayetaka kurudi kabisa kwenye kimo cha zamani hutafuta boriti ya mbele ya gari la awali, la bampa za kromu, na hiyo ni njia iliyo sahihi zaidi kwa sababu pembe za usukani zinarudi pamoja nayo. Nyuma, kuna vipande vya alumini vinavyokaa kati ya bamba na ekseli, au springi mpya zenye mkunjo mdogo. Kukata koili kwa grainda ni uhuni, hata kama fundi ana uzoefu: koili iliyokatwa haikai sawa kwenye sahani yake na ugumu wake hubadilika. Ukishusha kupita inchi moja na nusu, ekseli inaanza kugonga vizuizi vya mpira, na gari linaruka kuliko mwanzo. Bomba la egzosi la MGB tayari liko chini. Kwa yule anayepeleka gari lake kwenye Africa Concours d'Elegance jijini Nairobi, mashindano ambayo klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo imekuwa ikiyaandaa tangu 1970, matuta ya barabarani ni sababu ya kutosha kuacha gari la bampa za kromu kwenye kimo chake.

Koili ngumu zenyewe? MGB ya wazi ilitoka na koili za takriban pauni 348 kwa inchi, GT ikapewa 480 kwa sababu ya uzito wa paa. Mwenye gari la wazi anayefunga za GT anapata gari lililotulia zaidi kwenye kona na kali kiasi kwenye mashimo. Zaidi ya hapo ni mambo ya uwanja wa mbio.

Tumebakiza ule ubishi mkubwa wa shokapu za bomba, yaani zile za kisasa. Nyuma, kifaa cha kubadilisha ni bracketi inayofungwa mahali pa shokapu ya mkono, na nyingine kwenye ekseli. Ikifungwa vizuri inapunguza ule mrukoruko, na shokapu inayoweza kurekebishwa humruhusu mwenye gari kuchagua. Kagua mambo mawili: bracketi ya chini isining'inie kiasi cha kugonga barabara, na shokapu isifikie mwisho wa mwendo wake kabla ekseli haijagusa kizuizi. Acha mikanda ya kuzuia ekseli isishuke sana mahali pake.

Mbele hali ni tofauti. Vifaa vya bei nafuu huacha shokapu ya mkono ikiwa imemwagwa mafuta, iendelee kuwa mkono wa juu, na kuongeza shokapu ya bomba pembeni. Beringi zile zile zilizochoka bado zinashika gurudumu, safari hii bila mafuta ya kuzilainisha. Pesa imepotea. Vifaa kamili, vyenye mkono mpya wa juu wa chuma na bushi zake, ni bora lakini ni ghali, na vinalifanya gari liwe kitu kingine kidogo. Rover walipoifufua MGB kwa RV8 ya 1993 hadi 1995, waliweka shokapu za bomba pande zote, na bado nyuma wakabaki na springi za bamba. Mwenye shokapu za mkono zilizokarabatiwa vizuri hana haja ya kuona aibu.

Tahadhari kwa wenye MGC ya 1967 hadi 1969: mbele yake hakuna koili, kuna fimbo zinazosokotwa, na karibu kila kilichosemwa hapa kuhusu mbele hakiwahusu.

Nyuma, kabla ya kufunga springi mpya, gonga kwa bisibisi mahali zinaposhikiliwa kwenye bodi, hasa mbele ya gurudumu la nyuma. Bisibisi ikizama, kazi ni ya welda kwanza. Bodi mpya za MGB zimekuwa zikitengenezwa na British Motor Heritage tangu 1988, na vipande vya kuchomelea vinapatikana bila shida. Springi mpya zikishaingia, gari litasimama juu sana nyuma. Usipime chochote siku hiyo. Liendeshwe maili mia chache, springi zikae, kisha kaza tena U-bolti zake, ndipo upime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa matao, pande zote nne, gari likiwa kwenye sakafu iliyo sawa.

Alaimenti ni ya mwisho. Magurudumu ya mbele yaingie ndani kidogo, kati ya moja ya kumi na sita na tatu za thelathini na mbili za inchi. Hicho ndicho kipimo pekee kinachorekebishwa kwenye MGB kama ilivyotoka kiwandani. Kasta, yaani kuegemea nyuma kwa kingpini, ya nyuzi 7, na mwinamo wa nyuzi 1 vimejengwa ndani ya chuma. Kasta hiyo ilipangwa enzi za matairi membamba, kwa hiyo mwenye matairi mapana ya 185 anayelalamika usukani ni mzito kwenye maegesho anaweza kuweka kabari nyembamba kati ya boriti na bodi, zikapunguza nyuzi moja au mbili. Omba karatasi ya vipimo kutoka kwenye mashine. Mwinamo wa kushoto ukiwa tofauti na wa kulia, usikubali fundi akuambie ataurekebisha, maana hakuna pa kuurekebishia: rudi kwenye trunioni ya juu, tikisa mkono wa shokapu, na uangalie kama mkono wa chini haujapindishwa na mtu aliyewahi kuparamia ukingo wa barabara.